Neno Lililokatwa Mstari

Kule Bweni, kisiwani Mafia, mtu akipata karatasi ya Kiingereza haitupi wala hajisumbui kuikodolea macho. Huipeleka kwa Bi Mize binti Abubakari. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi barua zilipokuwa zikifika na harufu ya samaki, mpaka hizi siku ambapo karatasi zenyewe ni maboksi ya dawa na vitabu vya mashine za boti. Bi Mize huvaa miwani, akaisogeza karatasi mbali, akairudisha karibu, kisha akatoa maana kwa Kiswahili kilichonyooka, na mwenye karatasi akaenda zake ameridhika. Hakuna mtu Bweni aliyewahi kumsikia akisema, "Neno hili silijui."

Kiingereza hicho alikipata darasani. Alimaliza la saba mwaka sabini na tano, wakati wasichana waliofika la saba pale kijijini hawakuzidi vidole vya mkono mmoja. Mwalimu wao wa Kiingereza alikuwa mwalimu Ally, mtu wa Tanga, mrefu, mwembamba, mwenye fimbo iliyokuwa ikipiga meza tu. Kila Ijumaa kabla ya kutawanyika kwenda msikitini aliandika ubaoni maneno mawili yanayokaribiana, akawauliza wanafunzi yanatofautianaje. Mara "borrow" na "lend". Kwetu sisi anayechukua anaazima na anayetoa anaazima, Waingereza kila mmoja wamempa neno lake. Mara "see" na "look". Mara "hear" na "listen". Mize alikuwa akinyoosha mkono kabla chaki haijashuka.

"Waingereza hawaajiri watumishi wawili kwa kazi moja," mwalimu Ally alikuwa akisema. "Ukiona maneno mawili, jua pana kazi mbili. Itafute ya pili."

Mtihani wa mwisho Mize alifaulu. Baba yake akasema mtoto wa kike hasafiri bahari peke yake kwenda kulala kwenye mabweni ya watu asiowajua, na mjadala ukaishia hapo. Kiingereza kikabaki kichwani mwake kama vyombo vya kabatini, vya kutolewa wakija wageni. Aliolewa, akazaa, akaachika, akaolewa tena, akafiwa. Katika yote hayo watu walimwita fundi wa ushonaji, mjane, mama fulani, lakini jina lililomnyoosha mgongo lilikuwa lile la kuitwa kwenye baraza la mtu: "Mwiteni Bi Mize aje asome."

Alikuwa na ufundi wake. Neno asilolijua alilipita, akashika yale ya pembeni yake, na mara nyingi maana ilitoka. Kwenye chupa ya dawa ilitoka. Kwenye mashine ya boti ya kina Mudrik ilitoka, ingawa mashine ilikwenda ikitoa moshi mwezi mzima. Kwenye karatasi ya Furaha haikutoka.

Furaha alikuwa kitindamimba wa Amina, jirani yake wa hatua thelathini. Mume wa Amina, Shamte, alikuwa mkwezi, akaanguka kutoka mnazini mtoto akiwa bado ananyonya, na Amina akabaki na watoto watatu, Hemedi akiwa ndiye mkubwa. Aliishi kwa kufua nazi za watu na kusuka makuti. Siku zile muuguzi wa zahanati alikuwa Goodness, Mchaga, mke wa bwana shamba Edwin. Walikuwa na miaka tisa ya ndoa bila mtoto. Furaha alipougua degedege Goodness alikesha naye siku tatu, na alipopona mtoto akawa hatoki nyumbani kwa muuguzi. Alikula huko, mara akalala huko, akapata na sare ya chekechea huko.

Hakuna aliyeona ajabu. Kwetu mtoto hulelewa popote penye mkono mwema. Bi Mize mwenyewe alilelewa Kirongwe na shangazi yake miaka saba, akarudi amekua, na hakuna siku mtu alimwuliza yeye ni wa nani. Alikuwa binti Abubakari huko, akawa binti Abubakari huku. Kulea ni kulea, na baba ni baba.

"Mtoto huyu nampenda, mama Hemedi," Goodness alikuwa akisema.

"Basi ni wako, muuguzi, mchukue," Amina alijibu, kama anavyojibu mwanamke yeyote wa Bweni mtoto wake akisifiwa.

Edwin alipopata uhamisho wa Singida, Goodness alikuja akakaa mkekani, akasema wangependa kwenda na Furaha, na safari hii waandikishane kabisa awe wao. Amina akasema, "Nimeshakwambia ni wako." Goodness akalia, akambusu mikono. Yule alisema neno la adabu, na huyu alilisikia kama hati.

Karatasi ililetwa alasiri moja na kijana aitwaye Audax, karani wa wakili wa bara. Goodness na Furaha walikuwa wameshatangulia Kilindoni, wakingoja ndege ya kesho yake saa nne asubuhi. Walikaa barazani kwa Amina: Audax, Amina, Hemedi aliyekuwa na miaka kumi na mitano, mzee Iddi balozi wa nyumba kumi, na majirani wawili watatu waliokuja kuona. Bi Mize akaitwa.

"Bibi, mimi nimekatazwa kumsomea mama," Audax alisema. "Mimi ndiye niliyeileta. Anatakiwa asomewe na mtu asiyehusika, halafu mtu huyo asaini hapa chini kwamba amesoma, ameeleza, na mama ameelewa."

"Hapo umefika," alisema mzee Iddi. "Huyu kasomeshwa na Wazungu wenyewe."

"Mwalimu wangu alikuwa wa Tanga," akasema Bi Mize, lakini kwa sauti ya mtu ambaye hataki kusikika sana.

Akavaa miwani. Akapita juu ya jina la mzazi, jina la mtoto, kijiji, wilaya, yote mepesi. Akafika kwenye sentensi yenyewe. Palikuwa na maneno mawili ya chapa yaliyokaa ubavu kwa ubavu: "foster", kisha "adopt". Lile la kwanza lilikuwa limekatwa mstari wa wino, mstari ulionyooka, wa rula.

Lile la kwanza alilijua. Mzungu mmoja aliyekuja kuhesabu ndege wa pwani alikuwa amemsimulia jinsi alivyolelewa na mama asiyemzaa, akalitumia neno hilo mara nyingi. Ni kulea. La pili alilikuta mara moja tu, kwenye kijitabu cha mradi wa kilimo, wakulima waki-"adopt" mbegu mpya, naye akalitafsiri kuwa ni kupokea. Sasa hapa kulea kumekatwa na kupokea kumeachwa. Mtu anayekata neno kwa rula hafanyi mchezo. Na palepale, baada ya miaka thelathini na minane, akamsikia mwalimu Ally akigonga meza: pana kazi mbili, itafute ya pili.

Akaisogeza karatasi mbali, akairudisha karibu. Amina alikuwa akimtazama mdomoni.

"Kama pana neno linasumbua, bibi, sema tu," alisema Audax. "Nitapanda kule mnarani kwenye mtandao nimpigie wakili. Hakuna ubaya."

Hapo angeweza kusema. Ilikuwa ni kutamka tu, pana neno linanisumbua. Lakini majirani walikuwa wakisikiliza, na mzee Iddi ameshamsifu, na huyo aliyemwuliza alikuwa kijana wa bara asiyeota ndevu.

"Mwanangu, mimi nilikuwa nasoma Kiingereza baba yako hajaposa," alisema.

Watu wakacheka. Audax akacheka naye, akainua mikono kama mtu aliyeshindwa.

"Wanasema hivi, Amina," akaendelea Bi Mize. "Watamlea kama mtoto wao. Watamsomesha, watamvisha, watamtibu. Na wewe mama yake umekubali wamlee."

"Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo."

Amina akatia kidole kwenye wino, akakikandamiza pale alipoonyeshwa. Bi Mize akasaini chini yake kwa ule mwandiko wake wa mviringo. Audax akaitia karatasi kwenye bahasha, akawasha pikipiki, akaenda zake Kilindoni.

Nyumbani Bi Mize alikuwa na kamusi kuukuu isiyo na jalada, iliyofungwa kwa ukili isije ikatawanyika. Aliitoa sandukuni kabla hajavua hata buibui. Kwenye neno la kwanza iliandika: lea, tunza. Kwenye la pili iliandika kwanza kubali, pokea, akapumua. Kisha mstari wa chini yake: mfanye mtoto wa mwingine kuwa mwanao kisheria. Neno hilo "kisheria" alilisoma mara tatu. Akafunga kitabu kwa ukili wake, akaenda kuanua nguo kambani.

Jua lilikuwa bado juu. Kutoka pale kambani alimwona Amina akifagia uwanja, akiimba chini kwa chini, mwanamke ambaye mtoto wake amepata bahati. Hatua thelathini. Bi Mize alianua nguo zote, na zile mbichi.

Asubuhi yake aliamka na nia. Alisali, akavaa, akafunga shilingi elfu kumi kwenye pembe ya kanga, akasimama njiani mahali panapopita gari la Kilindoni. Gari likaja. Utingo akaning'inia mlangoni.

"Twende, Bi Mize. Mbele kuna nafasi, nimekuwekea."

Wakati huo bado angewahi. Njia ile ni mbovu, lakini saa mbili na nusu angekuwa amefika, angewakuta uwanjani. Akaanza kujisikia akieleza. Atamwambia nini Audax aliyetaka kupiga simu, yeye akamcheka? Atamwambia nini Goodness? Na akirudi, mzee Iddi atasema nini pale kwenye kahawa?

"Nangoja mzigo wangu, mwanangu," alisema. "Nendeni."

Hakukuwa na mzigo. Gari likaenda, vumbi likatulia, naye akabaki amesimama kwa muda mrefu na zile elfu kumi kwenye kanga, kama kweli kuna kitu kitaletwa. Saa nne alikuwa ukumbini kwake akipepeta mchele. Mchele ulikuwa safi, lakini aliendelea kuupepeta.

Kuanzia hapo Bi Mize akawa mwema kwa Amina kupita kiasi. Akipika mkate wa kumimina, nusu ilikwenda kwa Amina. Samaki akipatikana, kipande cha tumbo kilikwenda kwa Amina. Amina alipofanyiwa upasuaji wa kizazi, Bi Mize alilala naye wodini siku tisa, akimfulia na kumlisha uji.

"Da Mize," Amina alimwambia siku moja pale kitandani, "mimi dada yangu wa tumbo moja hajanifanyia haya. Sijui nitakulipa kwa nini."

"Kunywa uji," alijibu Bi Mize, akageuza uso.

Kila Idi Goodness alipiga simu. Miaka ya mwanzo Furaha mwenyewe alisema, akapiga kelele, akataja paka wao kwa jina. Kisha akawa anasema shikamoo na kunyamaza. Kisha ikawa yuko shule, au amelala, au ametoka. Goodness alisema watakuja likizo, na kila likizo ilikuwa na sababu yake. Mwaka mmoja ilikuja picha kwenye simu ya Hemedi: msichana mrefu, sare ya samawati, kitambulisho kifuani chenye maandishi madogo ambayo Hemedi hakujisumbua nayo. Amina alikuja nayo mbio.

"Nisomee da Mize, hapo kifuani pameandikwaje?"

Bi Mize akaikuza picha kwa vidole viwili. Palisomeka wazi: Furaha Edwin, na jina la ukoo la Kichaga nyuma yake. Hapakuwa na Shamte popote.

"Jina la shule," alisema.

"Linaitwaje?"

"Refu. La kikwao huko."

Amina akaibusu ile simu. Usomaji huo wa pili, Bi Mize aliona, ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza. Wa kwanza aliweza kujiambia kuwa ni ujinga. Huu aliufanya anajua, tena kwa sauti ya upole. Alisoma Kurani tangu utotoni, na alijua vyema kuwa mtoto wa watu huitwa kwa baba yake. Kumlea ni thawabu, kumwondolea jina la baba yake ni jambo jingine. Kila akimsalia Mtume alikuwa akilikuta hilo jambo limekaa limemtangulia kwenye mswala.

Mwaka huu Furaha alitimiza kumi na minane. Hemedi, ambaye sasa ni fundi ujenzi mwenye watoto wake, alikuwa ameongeza chumba kwenye nyumba ya mama yake, akakipiga plasta, akaweka dirisha la wavu na kitanda cha futi nne kwa sita. Amina alikisukia mkeka mpya. Watu wakiuliza chumba cha nani, anasema cha Furaha. Mtoto wa kulea akishakua hurudi kwao, akaonyeshwa ndugu zake, akaonyeshwa kaburi la baba yake, kisha akitaka kwenda tena huko alikolelewa aende kama mtu mwenye kwao. Hivyo ndivyo ilivyo, na Amina hakuona la kubishaniwa hapo.

"Ila si neno la kusema mimi," alimwambia Bi Mize. "Kumdai mtoto kwa mtu aliyekulelea kunataka mtu mzima mwenye maneno. Wewe ndiye uliyetusomea, wewe ndiye wa kutusemea. Hemedi atapiga, wewe utaongea."

Bi Mize alisema mwezi umeandama, wasubiri Ramadhani ipite. Ikapita. Akasema jino linamuuma, maneno hayatatoka vizuri. Jino likapona. Akasema pengine wako kwenye mitihani. Wiki ya tatu ya Mfunguo Mosi, mwezi ule wa Idi, Hemedi alipita mlangoni kwake akitoka kazini.

"Mama kasema kesho Ijumaa, baada ya sala, bibi. Nimeshanunua muda wa maongezi. Usituletee jino jingine."

Alisema kwa mzaha, akaenda zake akicheka.

Ijumaa hiyo Bi Mize hakungoja sala. Saa sita mchana alizipita zile hatua thelathini. Amina alikuwa uani, kifuo cha kufulia nazi kimesimikwa mbele yake, nazi zimejaa upande mmoja na makumbi upande wa pili.

"Umewahi," alisema Amina. "Kaa hapo, nimalize hizi kumi."

"Amina, kabla Hemedi hajapiga, nina neno."

"Sema, nasikia." Nazi ikalia kwenye kifuo, kumbi likaachia.

"Ile karatasi sikuisoma sawasawa."

"Karatasi ipi?"

"Ya Furaha."

"Loo, da Mize. Miaka kumi na miwili. Nani anaikumbuka?"

"Mimi."

Amina akachukua nazi nyingine. Bi Mize aliona akiendelea kuyazungusha maneno atakuwa anasoma tena kwa mtindo ule ule, akayatoa yalivyo.

"Yalikuwa maneno mawili. Moja ni kulea, kama tunavyolea sisi. Mtoto anakula kwa mtu, anasomeshwa, na baba yake anabaki baba yake. La pili ni kumtoa mtoto katika nyumba yake na kumtia katika nyumba nyingine moja kwa moja, jina lake na kila kitu chake, na sheria inakaa juu yake kama kufuli. Moja lilikuwa limekatwa mstari. Lililokatwa ni lile la kulea. Mimi nikakusomea lile lililokatwa."

Mikono ya Amina ikasimama na nazi katikati.

"Hukujua," alisema. Alilisema taratibu, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango wa kutokea.

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Bi Mize aliutazama.

"Pale barazani sikujua. Niliona tu kuwa sijui, nikaona aibu kusema. Alasiri nilitazama kwenye kitabu, nikajua."

"Alasiri ipi?"

"Ile ile."

"Na ndege ilikuwa lini?"

"Kesho yake saa nne."

Amina akaiweka nazi chini. Akajifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Mimi siku ile nilikuwa hapahapa uani nafagia."

"Nilikuona."

"Ulikuwa unaanua nguo."

"Ndiyo."

"Na ile picha. Lile jina la shule."

"Halikuwa la shule. Ni jina la Edwin. Wamemwandika wa Edwin."

Kuku akaja kudonoa machicha karibu na mguu wa Amina, wala hakumfukuza.

"Shamte alikosa nini?" aliuliza.

Bi Mize alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kufukuzwa, kwa kutupiwa kumbi la nazi. Swali hilo hakujiandaa nalo. Shamte alikuwa mtu mpole aliyemwangulia nazi bure alipofiwa, na yeye Bi Mize ndiye aliyefuta jina lake kwa mwandiko wa mviringo.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Ngoja kwanza," alisema Amina. "Bado sijajua ni kiasi gani." Akainua sauti. "Hemedi. Njoo na simu."

Hemedi alitoka ndani akifunga saruni yake, akawatazama wote wawili, utani aliokuwa nao mdomoni ukaishia humo humo. Bi Mize akajiinua.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Amina. "Kaa. Ulisaini mwenyewe kwamba nimeelewa. Basi kaa hapo mpaka nielewe."

Akakaa. Hemedi akapiga, akaweka sauti ya nje, simu ikalazwa mkekani katikati yao. Ilipokewa haraka.

"Mama Hemedi, jamani, za siku nyingi," ilisema sauti ya Goodness. "Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Yupo mtu hapa ana la kusema," Amina alisema, akamwashiria Bi Mize kwa kidevu.

Bi Mize akasema. Hakutumia yale maneno makubwa aliyokuwa akiyapanga tangu Ramadhani. Alisema ni yeye aliyesoma karatasi ile, aliisoma kinyume, alijua siku ile ile, akakaa kimya, na mama mtu mpaka leo hii alikuwa akijua mtoto wake yuko kwa mlezi na atarudi. Walidhani simu imekatika.

"Lakini mimi nilimwuliza kwa mdomo wangu," hatimaye Goodness alisema. "Mama Hemedi, nilikuuliza. Ukaniambia ni wako."

"Nilikwambia," alisema Amina. "Hata jirani akimsifu mbuzi wangu namwambia ni wako. Hajapata kutokea mtu akaondoka na kamba."

Hemedi akaguna, nusu kicheko, akakizuia.

"Mungu wangu," alisema Goodness kwa sauti ndogo. "Sisi kwetu mtu akisema hivyo amesema. Sikuja kuiba mtoto, mama Hemedi."

"Hujaiba. Nimemwona aliyemtoa. Nataka kujua moja tu. Mtoto anajua kuna mimi?"

"Anajua. Tulimwambia alipokuwa la sita. Hatukumficha."

"Mlimwambia nini?"

Ilisikika redio mahali fulani nyumbani kwa Goodness, ikazimwa.

"Tulimwambia mama yako wa Mafia alikubali. Kwamba alisaini uwe wetu." Akavuta pumzi. "Tangu hapo hataki kuja. Si sisi tuliomzuia. Kila likizo nilimwambia twende, anasema hawezi kwenda kumsalimia mtu aliyemtoa. Ndiyo maana kwenye simu alikuwa hivyo. Sikutaka kukwambia, niliona ungeumia."

Hemedi akainama akaangalia mikono yake. Amina hakutikisika, ila kanga aliyokuwa ameishika alikuwa ameikunja mpaka imekuwa kamba. Bi Mize alitamani mkeka ule umfunike. Miaka yote alidhani kosa lake lilikuwa kumnyima mama mtoto. Hakuwahi kuwaza kuwa huko Singida kuna mtoto aliyekuwa akikua na saini yake moyoni, akiamini mama yake alimtoa kama mtu anavyotoa paka.

"Yuko wapi sasa hivi?" aliuliza Amina.

"Yuko hapa nyumbani, amemaliza kidato cha nne, anangoja kupangiwa shule. Yuko nje anafua. Nimwite?"

"Mwite."

Walisikia Goodness akitembea, mlango, jina likiitwa. Walisikia sauti nyingine ikiuliza nani. Kisha simu ikakatika. Hemedi akaitazama.

"Muda umeisha. Jamani, nilinunua wa elfu moja."

"Nenda kanunue," alisema Amina.

"Duka limefungwa, wameshaanza kwenda msikitini. Mpaka baada ya sala."

Wakakaa. Adhana ikaanza, Hemedi akasimama kama anayetaka kwenda na hakwenda. Bi Mize alijiambia angalau wamepata nafasi, atakwenda nyumbani, atapata maji, atajiandaa. Akaliona wazo hilo, akalitambua. Lilikuwa limevaa nguo zile zile za asubuhi ile ya njiani. Akabaki amekaa.

Adhana ilikuwa bado haijaisha simu ilipolia. Namba ilikuwa ngeni. Hemedi alimtazama mama yake. Amina aliinama, akaisukuma simu kwa kidole kimoja mkekani mpaka ikagusa goti la Bi Mize.

"Mimi akisikia sauti yangu atakata," alisema. "Mwambie wewe. Usinipambe na usijipambe. Ukimaliza, akitaka kusema na mimi, nipo hapa."

Bi Mize akaipokea.

"Shikamoo," ilisema sauti ya kike, kavu, ya bara kabisa. "Mama amesema nipige. Ni nani mwenzangu?"

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Mize. "Mimi si mama yako. Mama yako yuko hapa mbele yangu, amekaa, hajawahi kukutoa kwa mtu. Mimi ndiye niliyemsomea karatasi, na nilimsomea uongo. Naitwa Mize binti Abubakari. Nikueleze?"

Upande wa pili maji yalikuwa yakitiririka kwenye beseni. Yakafungwa.

"Nieleze," alisema Furaha.